Nywele Alizozingoja Mama Prefe

Mama Prefe hakuwa mtu wa kumsalimia huku unatafuna. Hata pasta akikutana naye kwenye njia yetu ya Hewa Bora alimeza haraka kilichokuwa kinywani, akapangusa midomo, ndipo akasema jambo. Naye alikuitikia huku akikutazama juu mpaka chini, kama vile umechelewa kengele. Mimi nimezaa, nina mashini mbili za kushona na wateja wanaonibembeleza kila sikukuu, lakini yeye akipita mlangoni pangu mgongo wangu ulikuwa unanyooka wenyewe. Mungu ni shahidi.

Prefe si jina. Kwetu ndivyo anavyoitwa mkuu wa shule ya sekondari, na yeye alikuwa prefe wa shule ya wasichana hapa Kampemba kwa miaka mingi, hata alipostaafu cheo kikakataa kumtoka. Jina lake la kweli nalijua, ila sijawahi kulitamka na sitaanza leo. Nilisoma kwake, halafu nikawa jirani yake, halafu nikawa fundi wake wa nguo.

Waliosoma shule za kwetu wanajua habari ya modeli ya wiki. Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, tunasimama mistari uwanjani na prefe anatangaza Jumatatu wasichana wote watakuja wamesukwa vipi. Wiki hii mistari ya kulala, inakwenda nyuma. Wiki ijayo mistari ya kupanda, inakutana utosini. Nyingine nywele zinafungwa uzi mweusi, zinasimama kama antena za redio. Anayekuja na modeli yake mwenyewe anarudi kwao. Wigi ndiyo usiseme kabisa. "Wigi ni bongo ya kuvaa," alikuwa anatuambia, na bongo kwetu ni uongo, "na mu shule yangu bongo haiingie."

Halafu Jumatatu anapita kichwa kwa kichwa, anachomeka ncha ya kidole chini ya msuko. Ukilegea, umekwisha. "Hii ilikusuka nani? Upepo?" Basi mama zetu walivuta. Walivuta mpaka macho yakawa ya kuchongoka, mpaka ukipiga chafya unaona paji la uso linataka kupasuka. Tulilala kifudifudi. Wengine walitokwa vipele pembezoni, na kuna wenzangu ambao mpaka leo nywele za mbele hazikurudi. Hilo nalisema wazi, sitalifunika kwa sababu nilimpenda.

Lakini sikilizeni na la pili. Modeli aliyotutangazia Ijumaa, Jumatatu alikuwa nayo yeye mwenyewe. Kila wiki. Mwanamke wa makamo, mwenye diploma yake, na antena kichwani! Wakaguzi wa elimu walikuwa wanaangalia pembeni wasicheke. Mwalimu mmoja alimwuliza kwa nini anajitesa, akajibu: "Siwezi kulazimisha batoto kintu yenye kichwa yangu haijue. Point final." Alikuwa anamaliza hivyo kila neno lake, kwa nukta hiyo ya Kifaransa, hata kwa muuza nyanya. Nyanya mafungu matatu, point final.

Mwaka ule mama yangu alipolazwa hospitali, hakuna aliyekuwa wa kunisuka. Nilikuja Jumatatu na kichwa kama kichaka. Mama Prefe akanishika sikio mbele ya wote, akaniburuta mpaka ofisini, akafunga mlango. Nikajua leo nakufa. Akatoa kitana na mafuta kwenye saraka, akaniweka chini katikati ya magoti yake, akaanza kunisuka, na huku anasuka anapaza sauti: "Muvivu weye! Unafikiri hapa ni soko?" Kisha akaniinamia, akaninong'oneza: "Lia kidogo, baskie." Nikalia. Nililia kweli, wala si kidogo. Ikawa hivyo kila Jumatatu mpaka mama yangu alipotoka, na wenzangu wakanihurumia sana kwa adhabu zile.

Ndivyo alivyokuwa, mtu wa pande mbili. Mezani pa watu alihubiri kwamba bitoyo, yule samaki wa chumvi, anaua kwa presha, na mimi nimemkuta jikoni kwake anaufuta mchuzi wake kwa tonge la bukari, ugali wetu, kisha akaniangalia kwa ukali utafikiri mimi ndiye niliyeiba. Alicheka kwa kuziba mdomo. Alimsahihisha Kifaransa polisi wa barabarani aliyekuwa anamsumbua dereva wa teksi, polisi akasahau faini. Ukimletea habari ya mganga wa kienyeji, ya hirizi, ya mafuta ya kuombewa, alikufukuza. Alisema Mungu alitupa akili kabla ya kutupa mafuta.

Kisha nywele zikaanza kumwacha.

Ilianzia utosini. Alipata mwasho kwanza, halafu kama moto, halafu sehemu ndogo ikawa laini, inang'aa, ikapanuka mwaka hadi mwaka. Nilijua kwa sababu ya vitambala. Kila kikwembe, yaani kitenge, alichoniletea nikishone, alitaka kipande cha kitambala kiwe kikubwa kuliko cha mwisho, na kifunge mpaka chini ya masikio. Fundi haulizi, fundi anapima. Mwanamume akipata kipara anaitwa bosi, anapakwa na heshima. Mwanamke akipata kipara watu wanauliza amefanya nini. Ni ugonjwa gani huo? Amekula cha nani? Nimeyasikia hayohayo pale kwenye benchi langu, kutoka kwa wanawake aliowafundisha kusoma, na niliwafukuza na nguo zao hazijakwisha.

Na huyo adui wa mafuta ya waganga, jamani! Alipaka maji ya kitunguu, mpaka kwenye teksi watu wakafungua madirisha. Alipaka mafuta ya nyonyo, parachichi, majivu ya sijui nini. Nilipomtania alisema, "Weye nyamaza, uko na nywele."

Katika hali hiyo ndipo bwana yake akafa. Alikuwa mtu mpole, aliyemwita Prefe hata wakiwa wawili mezani, na alimbebea mfuko wake wa vitabu miaka yote bila aibu. Sasa, kwa ukoo wa bwana yake kuna desturi. Mume akifa, dada yake mkubwa anamnyoa mjane. Mjane anavaa nyeusi, haendi arusini, hachezi, haimbi nje ya kanisa. Nywele zinaachwa ziote. Siku kitana kikishika, wifi anarudi, anamsuka kwa mikono yake, anamvika kikwembe kipya cha rangi, na mjane anatembea sokoni watu wamwone. Hapo kilio kimekwisha. Desturi nzuri, mimi sina ugomvi nayo. Nywele zinarudi, na mtu anarudi nazo.

Wifi alikuja kutoka Mitwaba, mwanamke mwembamba wa shamba, mwenye maneno machache. Nilikuwa pale. Alinyoa pembeni, akanyoa nyuma, na alipofika utosini wembe haukukuta kitu. Aliona. Watu walikuwa wamejaa uani. Haraka akafunika pale mahali kwa kiganja chake, akabaki ameshika hivyo kichwa cha wifi yake mpaka aliposogezewa kitambala cheusi. Mama Prefe hakufumbua macho.

Basi wakaanza kungoja. Nyuma na pembeni nywele ziliota, hata nzuri tu. Juu, hakuna. Kila kiangazi, barabara ya Mitwaba ikipitika, wifi alishuka kwenye lori na unga wake wa muhogo na kitana chake. Walikula, walisali. Kisha wifi alifungua kitambala, akaangalia, akafunga. "Bado," anasema. "Bado," Mama Prefe anaitikia. Na lori linarudi.

Nimemshonea nyeusi mpaka nikachukia nyeusi. Wanafunzi wake wa zamani waliolewa, walimwomba akae mbele kama mama wa heshima, akatuma zawadi na salamu. Siku moja arusi ilipita njia yetu kwa nyimbo na vigelegele. Nilimwona amesimama nyuma ya lango lake, mguu wake unapiga mdundo vumbini, mwenyewe hajui. Nilivuka nikamwendea.

"Mama, kilio hii itaisha lini? Ongea na pasta, akuombee, uvae rangi. Bwana yako alikuwa anakupenda, hatakasirika."

"Règlement ni règlement, sheria ni sheria," akasema. "Bwana yangu alikufa muzima. Siwezi kumuzika nusu."

"Basi mwambie wifi."

"Niseme nini? Yeye ni mukubwa. Mudogo haambiye mukubwa kama amalize kazi."

Nilirudi kwenye mashini yangu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya kumpiga nani.

Nilichoweza ni kumpeleka kwa munganga wa ngozi, yaani daktari, kijana mtulivu mwenye miwani. Alimtazama kichwa kwa taa na kioo, hakuharakisha. Akatueleza kwa maneno ya kawaida: huu ni ugonjwa unaokula shina la nywele na kuacha kovu ndani, na misuko ya kuvuta inauchochea. Ukishikwa mapema unaweza kusimamishwa. Palipokwisha kuwa kovu, mara nyingi hapaoti tena. Mama Prefe akauliza habari ya kupandikiza, kwa sababu alikuwa ameona picha kwenye simu. Munganga akaweka kalamu chini.

"Mama, ugonjwa ungali unawaka. Ukipanda sasa utapoteza zile unazopanda na zile unazotoa. Tuuzime kwanza, utulie muda mrefu, halafu labda, labda, tujaribu kipande kidogo. Na kuna hili." Akamgusa sikio, penye donge lililobaki tangu lilipotobolewa utotoni, na akaonyesha kovu la chanjo begani lililofura kama ndulele. "Ngozi yako ikikatwa haisahau. Kila tundu linaweza kuwa hivi."

Akampa dawa. Alizitumia kwa bidii ya mtu wa shule, na mwasho ukapungua. Lakini kiangazi kikaja, wifi akashuka, na mara hii alishuka kwa fimbo. Amekonda, anakohoa. Alifungua kitambala, akaangalia, akasema bado, na akapumzika mara mbili kabla ya kumaliza kufunga. Ilimwingia Mama Prefe hapo. Aliniambia baadaye: "Huyu akikufa, nani atanisuka? Nitakufa mu nyeusi."

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kipya, nyumba ya kupandikiza nywele, kilikuwa kimefunguliwa mjini, juu ya duka la simu. Ukutani picha za vichwa kabla na baada. Nilimsindikiza, kwa sababu kumwacha aende peke yake ningeshindwa. Kijana mmoja wa koti jeupe alitupokea kwa tabasamu. Hakuuliza ugonjwa wowote. Hakugusa sikio. Nilipoanza kusema maneno ya munganga wa ngozi, alinikata: "Mama, hii ni sawa kupanda mahindi. Unatoa fasi yenye kuwa mingi, unapanda fasi yenye haina."

Mama Prefe amekulia shambani. Neno lile lilimteka kuliko picha zote.

"Na mahindi ikipandwa juu ya jiwe?" nikauliza.

"Weye ni mushonaji ao munganga?" Mama Prefe akaniuliza, kwa sauti ile ya Jumatatu. Nikakaa.

Walimchoma nyuma ya kichwa, walikotoa, na juu, walikopanda, kutwa nzima. Alitoka uso umevimba, macho hayaonekani, na kwenye njia ya kurudi alinishika mkono, akatabasamu na midomo minene. Kwa majuma machache vinywele vilisimama pale utosini, kweli. Alinifungulia kitambala nivione. Sijapata kumwona na furaha ya namna hiyo, alikuwa kama msichana. Kisha vikaanguka. Kijana akasema kwenye simu kwamba kuanguka mara ya kwanza ni kawaida, vitarudi, na hilo nasikia hata waganga wa kweli wanalisema. Mama Prefe akangoja. Alijua kungoja.

Vilivyokuja si nywele. Nyuma kukaanza kutoa usaha. Alificha, mpaka homa ikamwangusha bafuni na binti wa jirani akaja kuniita. Tulimpeleka hospitali, wakamwosha vidonda, wakamtundikia dawa ya mshipani. Alipona, namshukuru Mungu, lakini matundu yale yote yakafura moja moja, yakaungana, mpaka kisogo chake kikawa na mapande magumu kama maharage yaliyopangwa chini ya ngozi, yanawasha, yanauma. Nywele za nyuma, zile zilizokuwa zimebaki nzuri, nazo zikaenda. Na ule moto wa utosini ukawaka upya. Hakuweza tena kulaza kichwa kwenye mto. Alisinzia amekaa, paji la uso juu ya meza, juu ya mikono yake.

Nilipanda ngazi za duka lile. Kijana akaniambia kila mwili na bahati yake. Nilimtukana, nikamtukana na aliyemshonea lile koti, nikashuka nikiwaambia wauza simu na wapita njia wote nilichokiona. Sijutii hata neno moja. Munganga wa ngozi, tuliporudi kwake, hakusema "niliwaambia". Alishika kichwa kile taratibu, akaanza kazi upya, sindano ndogondogo za kulainisha yale madonge. Aliyemsema Mama Prefe alikuwa Mama Prefe mwenyewe. "Niliangusha batoto mingi mu examen," akaniambia, "juu ya kuwa hawakusoma swali. Na miye sikusoma."

Nikamshonea vitambala vipya, vyeusi, na ndani nikatia pamba ya shuka kuukuu iliyooshwa mara nyingi, isimkwaruze. Hiyo ndiyo kazi niliyoweza.

Siku ninayotaka kuisema mwisho ilikuwa ya vumbi, kiangazi kingine. Umeme ulikuwa umekatika, nikawa nakanyaga mashini ya miguu. Mama Prefe alikuwa kwangu, ameketi kwenye kigoda, kitambala kiko magotini kwa sababu nilikuwa namwongezea pamba. Akatokea mlangoni wifi yake, na fimbo na mfuko wa unga. Alikuwa amemkosa nyumbani, wakamwelekeza huku. Mama Prefe akanyakua kitambala, hakuwahi.

Wifi alizunguka nyuma yake. Aliangalia muda mrefu.

"Nani alikufanya hivi?"

"Miye mwenyewe, yaya," akamjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Juu ya nini?"

Mama Prefe alikikunja kitambala mikononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kichwa ameinamisha: "Nilitaka upate fasi ya kusuka."

Fimbo ikaanguka. Yule mama akakaa chini kwenye mabaki yangu ya vitambaa, akalia kwa sauti, kilio cha kilioni hasa, mpaka wateja wawili waliokuwa wanakuja wakageuka. "Miye nilikuwa nangoja weye useme umechoka!" akasema. "Kila mwaka nasema, leo ataniambia, yaya, inatosha. Na miye nitaitika. Nilikuwa naleta kitana, naogopa kukuzarau. Weye ni muntu wa masomo. Nilifikiri ni weye unataka kungoja."

"Na miye nilifikiri weye," akasema Mama Prefe.

Miaka yote ile, jamani. Kila mmoja amekaa anamheshimu mwenzake, na heshima ile imemtoboa mtu kichwa. Nililia na mimi, kwa huzuni na kwa hasira, mguu wangu ungali kwenye mashini.

Wifi ndiye aliyenyamaza kwanza. Akaniomba mafuta. Nilikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi ninayojipaka mikono, nikampa. Akamvuta Mama Prefe, akamkalisha chini katikati ya magoti yake, mwanamke mzima, akamimina mafuta kiganjani. Akaanza mbele. Akapitisha vidole kwenye ngozi tupu polepole, mstari baada ya mstari kwenda nyuma, na alipofika kwenye madonge alipunguza mkono, akayazunguka, akaendelea mpaka shingoni. Hakuruka hata mahali pamoja. Mama Prefe alikuwa amefumba macho, machozi yanashuka, hayapangusi.

"Nimemaliza," wifi akasema. "Mama fundi, iko rangi?"

Ilikuwapo. Kikwembe cha manjano na kijani, cha mteja aliyenichelewesha mwezi mzima. Potelea mbali mteja. Nikamfunga Mama Prefe juu ya nyeusi yake, nikachukua na kipande cha kitambala, lakini wifi akanirudisha mkono.

Walisimama mlangoni. Jua lilikuwa kali, njia imejaa watu wanaotoka sokoni, na nusu yao walisoma kwake. Mama Prefe alishika mwimo wa mlango, hakutoka.

"Bataangalia," akasema.

"Baangalie," wifi akamjibu, akampa mkono. "Bakikuuliza nani alikusuka hivi, uwaambie ni miye."